Jibu Lililoachwa Njiani

Siku ya Jumamosi mashine ya kusaga ya mtaani kwetu huwa na foleni mbili, ya sembe na ya dona. Ya dona huwa fupi. "Mwanangu, nikobolee mara mbili, nina wageni," alisema mama aliyenitangulia, na kijana wa mashine, mwenye unga hadi kwenye kope, akaitikia, "Sawa, mama." Mahindi yakamiminwa, ganda likatoka, na pamoja na ganda kikatoka kile kiini laini chenye mafuta kinachokaa kwenye ncha ya punje. Vyote vikamwagikia kwenye gunia la pumba pembeni. Mama akajitwika sembe yake nyeupe pepepe, akaenda zake ameridhika.

Mimi macho yangu yalibaki kwenye gunia. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimezama katika makala za zamani za maabara, habari za panya na mbwa waliolishwa mahindi na watu waliovaa makoti meupe, na swali lililonivuta huko lilikuwa dogo kwa sura: mnyama akipunguziwa protini, je, haja yake ya vitamini inabadilika? Inabadilika. Jambo hilo liliguswa mwaka 1922, likaachwa njiani, likaokotwa tena mwaka 1945. Nimeifuata njia hiyo kwa kurasa, si kwa miguu, na mahali fulani ilinileta karibu na nyumbani kuliko nilivyotarajia.

Njia inaanzia Oviedo, kaskazini mwa Hispania. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal aliwaona wakulima maskini wenye ngozi iliyobabuka mikononi, miguuni na kuizunguka shingo kama mkufu. Baadaye walikuwa wakiharisha, wakichanganyikiwa akili, wakifa. Casal aliandika kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa mahindi, na nyama waliionja kwa nadra. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1762, yeye mwenyewe akiwa kaburini kwa miaka mitatu. Huko Milan, mwaka 1771, Francesco Frapolli akautia ugonjwa huo katika maandishi kwa jina la pelagra, yaani ngozi inayokwaruza.

Mahindi hayo yalikuwa mgeni Ulaya kama yalivyokuwa mgeni kwetu. Waswahili tumeyapa jina kana kwamba yametoka Uhindi; Waitalia waliyaita nafaka ya Kituruki. Kila mmoja alimsingizia jirani. Yalitoka Amerika, na huko Mexico akina mama walikuwa wakiyachemsha, na bado wanayachemsha, kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Mbegu ilipanda meli, mapishi yakabaki bandarini. Wamexico walikula mahindi karne nyingi bila kusumbuliwa na pelagra, na kwa muda mrefu hakuna aliyejali kuuliza ile chokaa ilifanya nini.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wanakemia nao walikuwa wakiyachunguza mahindi kwa sababu zao. Mwaka 1901, Frederick Gowland Hopkins na Sydney Cole wa Cambridge walifanikiwa kutenga kijenzi kimoja cha protini, asidi amino iitwayo triptofani. Mwaka 1906 Hopkins na Edith Willcock wakachukua vipanya na kuwalisha zeini, protini kuu ya punje ya mahindi, ambayo haina triptofani hata chembe. Vipanya hao walikufa upesi. Wenzao walioongezewa triptofani kidogo hawakukua, lakini waliishi muda mrefu zaidi. Miaka minane baadaye, huko Connecticut, Thomas Osborne na Lafayette Mendel walikwenda hatua ya pili: panya wa zeini wakipewa triptofani uzito wao unashikilia pale pale, wakiongezewa na lisini wanaanza kukua.

Kwa hiyo ilipofika 1914 maabara zilijua kwamba protini ya mahindi ni nyumba iliyokosa matofali mawili ya msingi. Na mwaka huo huo, serikali ya Marekani ilimtuma daktari mmoja majimbo ya kusini, ambako pelagra ilikuwa ikiua maelfu.

Joseph Goldberger alizaliwa mwaka 1874 katika kijiji ambacho leo kiko Slovakia, akapelekwa New York na wazazi wake akiwa mtoto. Alipofika kusini, tume moja ilikuwa imeshaamua kwamba pelagra ni ugonjwa wa kuambukiza. Yeye alitembelea hospitali za wagonjwa wa akili na vituo vya yatima, akaona jambo ambalo yeyote mwenye macho angeliona: wagonjwa wanaugua, wauguzi wao hawaugui. Ni vijidudu gani hivyo vinavyomruka mwenye mshahara? Akaagiza maziwa, mayai, nyama na kunde kwa yatima wa vituo viwili vya Jackson, Mississippi. Pelagra ikatoweka. Kisha mwaka 1915, kwa ahadi ya msamaha wa gavana, wafungwa wa shamba la Rankin wakakubali kula chakula cha maskini wa kusini: uji na mikate ya mahindi, wali, viazi vitamu, sharubati ya miwa. Kati ya 11 waliomaliza, 6 walipata pelagra.

Walikuwepo waliobisha bado. Mwaka 1916 Goldberger na wenzake wakajidunga damu ya wagonjwa na kumeza vidonge vilivyotengenezwa kwa kinyesi, mkojo na magamba ya ngozi zao. Mkewe Mary naye akadungwa damu. Hakuna aliyepata pelagra. Kisa hiki ndicho kinachosimuliwa kila mahali, na sishangai, kwani ni kisa cha kushika tumbo. Lakini kwangu kimefunika kingine chenye uzito zaidi.

Mwaka 1922 Goldberger na W. F. Tanner walichapisha makala wakisema kwamba yaelekea chanzo kikuu cha pelagra ni upungufu wa asidi amino. Hoja yao ilikuwa ya moja kwa moja. Vyakula vinavyoponya, yaani maziwa, mayai na nyama, vinafanana kwa jambo moja: vina protini nzuri. Chakula kinacholeta ugonjwa ni mahindi, na protini ya mahindi imeshajulikana kasoro yake. Walimpa mgonjwa triptofani na wakaona nafuu.

Hapo jibu lilikuwa kiganjani. Lakini mgonjwa mmoja si ushahidi, na walipojaribu kuwapa wagonjwa kaseini, protini ya maziwa, matokeo hayakuwaridhisha. Halafu wakaja mbwa.

Madaktari wa mifugo wa kusini walijua ugonjwa wa mbwa ulioitwa ulimi mweusi. Ufizi na ulimi vinavimba na kuoza, mate yananing'inia yakinuka, mbwa anageuza uso mbele ya bakuli. Goldberger na wenzake walitambua kwamba huo ni pelagra ya mbwa, na kwamba ukitaka kuuleta unamlisha mbwa vyakula vile vile vya maskini. Sasa tatizo la kulisha mbwa uji wa mahindi kila siku ni kwamba anauchoka. Anaunusa, anaondoka. Ili kumtia hamu wakamchanganyia hamira. Na mbwa waliopata hamira hawakuugua kamwe.

Fikiria furaha ya maabara ile. Hamira ni rahisi, inatoka kwenye viwanda vya pombe kwa magunia, na kijiko chake kinafanya kazi ambayo lita za maziwa zinaifanya kwa taabu. Goldberger akaachana na asidi amino, akaanza kutafuta kitu kilichomo ndani ya hamira, akakiita kizuia pelagra. Mto Mississippi ulipofurika mwaka 1927, Msalaba Mwekundu uligawa hamira kwa walioathirika. Yeye mwenyewe alifariki Januari 1929, akiwa na miaka 54, bila kujua kitu hicho ni nini. Siwezi kuilaumu hamira, iliokoa watu. Nasema tu kwamba ilifanya kazi vizuri mno, na swali la protini likafungiwa kabatini kwa sababu hakuna aliyelihitaji tena.

Kitu chenyewe kilipatikana mwaka 1937 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Conrad Elvehjem na wenzake walichuja dondoo la ini hadi wakabakiwa na asidi ya nikotini, kemikali ambayo wanakemia walikuwa wakiijua tangu 1867. Ilikuwa imekaa kwenye chupa rafuni wakati watu wanakufa. Mbwa mwenye ulimi mweusi alipewa miligramu 30, hamu ya chakula ikamrudia. Madaktari wakaihamishia kwa binadamu haraka. Baadaye, ilipoonekana kwamba jina lake lingewafanya watu wadhani wanatiliwa tumbaku kwenye mkate, ikabatizwa niasini.

Kwa wengi hadithi inaishia hapo: ugonjwa, vitamini, tiba. Elvehjem hakutulia, kwa sababu hesabu zilikuwa hazikai sawa. Gramu 100 za maziwa zina karibu miligramu 0.1 tu ya niasini. Mahindi makavu, kwa uzito huo huo, yana miligramu 2 au zaidi. Ikiwa pelagra ni ukosefu wa niasini peke yake, basi mlaji wa mahindi angekuwa salama na mnywa maziwa angeugua. Mambo yalikuwa kinyume chake.

Na panya naye alikuwa anawachanganya. Mbwa akikosa niasini anaugua. Panya wa maabara alilishwa chakula kisicho na niasini akanenepa. Ikakubalika kwamba panya hahitaji vitamini hiyo. Kosa lilikuwa kwenye bakuli lake. Chakula cha panya wa maabara kilitengenezwa kwa kaseini nyingi, kwa vile kila mtafiti alitaka panya wake awe na afya kabla hajaanza kumpunja kitu kingine. Protini ilikuwepo kila siku kama hewa, na hewa haiandikwi kwenye daftari.

Mwaka 1945 Willard Krehl, L. J. Teply, P. S. Sarma na Elvehjem walifanya jambo la kawaida sana. Walishusha kaseini hadi asilimia 9, wakaingiza asilimia 40 ya mahindi yaliyokobolewa. Panya wakadumaa. Wakapewa niasini, wakakua. Panya wengine hawakupewa niasini, wakapewa triptofani. Nao wakakua vile vile.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Vitu viwili vyenye majina tofauti, kimoja kikiitwa vitamini na kingine kipande cha protini, vinajaza pengo lile lile. Maana yake ni moja: mwili unatengeneza kimoja kutokana na kingine. Panya wa kaseini hakuwa mnyama asiyehitaji niasini. Alikuwa na kiwanda chake kwenye ini, na protini ndiyo iliyokuwa malighafi. Ukimkatia malighafi, kitu ambacho jana hakikuwa vitamini kwake leo kinakuwa vitamini.

Miaka michache iliyofuata ilitosha kuonyesha hatua za kiwanda hicho. Triptofani inageuzwa kuwa kinurenini, kisha hatua baada ya hatua hadi niasini, na njiani zinahitajika vitamini B6, vitamini B2 na madini ya chuma. Mwili wa binadamu haufanyi biashara nzuri sana: unatumia wastani wa miligramu 60 za triptofani kupata miligramu 1 ya niasini. Hata hivyo piga hesabu ya jikoni. Gramu 50 za dagaa wakavu zina protini kama gramu 30, na ndani yake triptofani ya miligramu 300 hivi. Hiyo ni sawa na niasini miligramu 5, mbali na niasini ambayo dagaa wanayo tayari. Mwanamke mzima anahitaji 14 kwa siku, mwanamume 16. Tulipokuwa tukiambiwa utotoni kwamba ugali hauliwi mkavu, hakuna aliyetaja kinurenini, lakini kitoweo kilikuwa mezani.

Paka, kwa taarifa yako, hawezi kabisa. Ana kimeng'enya chenye nguvu kinachoipotosha triptofani katikati ya safari na kuipeleka kwingine, kwa hiyo hata akila nyama kutwa lazima niasini aipate ikiwa imeshaiva. Nyama nayo inayo tele, ndiyo maana hajali. Laiti maabara za mwanzo zingefuga paka badala ya panya, sijui historia hii ingekaaje.

Na ile chokaa ya Mexico? Niasini ya mahindi imefungwa ndani ya punje kwa namna ambayo tumbo haliifungui. Chokaa inaifungua. Mwaka 1951 José Laguna na Kenneth Carpenter walichapisha majaribio ya panya waliolishwa mahindi mabichi na wengine mahindi yaliyopikwa kwa njia ya Kimexico. Hao wa pili walikua vizuri zaidi. Kusini mwa Marekani mambo yalikuwa yamekwenda upande mwingine: mwanzoni mwa karne zilikuwa zimeingia mashine kubwa za kukoboa zilizotoa kiini ili unga usioze ghalani. Unga ukawa mweupe, ukadumu, na protini bora ya punje ikaenda na pumba.

Hadi hapa nilidhani nafuata habari za watu wa mbali. Halafu nikakuta Kampala. Katika miaka ya 1930 na 1940 daktari Hugh Trowell, aliyeanzia kazi Kenya kabla ya kuhamia Uganda, aliwaona watoto wenye miili iliyovimba, nywele zilizopauka rangi, ngozi inayobambuka. Mwanzoni aliuita ugonjwa huo pelagra ya watoto. Ngozi ndiyo iliyomvuta huko, na si yeye peke yake. Ukweli ni kwamba ilikuwa kwashakoo, utapiamlo uliohusishwa na upungufu wa protini, ambayo Cicely Williams alikuwa ameieleza kutoka Gold Coast mwaka 1933. Trowell, pamoja na wenzake Davies na Dean, walitoa kitabu kizima juu yake mwaka 1954, na hospitali ya Mulago ikawa moja ya sehemu zilizojulikana duniani kwa utafiti huo.

Baada ya Mulago, Mwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Donald McLaren alikuwa huko, akichunguza macho ya watu wa Jimbo la Ziwa na Jimbo la Kati la Tanganyika. Vitamini yake haikuwa niasini, ilikuwa A, ile ambayo ikikosekana jicho linakauka na hatimaye linapasuka. Mwaka 1959 alichapisha utafiti wa panya walionyimwa vitamini A, akilinganisha waliopata protini na waliopunjwa. Hapa protini inaonyesha uso mwingine kabisa.

Vitamini A hukaa kwenye ini kama mzigo ghalani. Haitembei yenyewe kwenye damu, inahitaji hamali. Hamali huyo ni protini ndogo inayotengenezwa na ini lile lile, iliyotambuliwa New York mwaka 1968 na watafiti Kanai, Raz na Goodman. Panya akikosa protini, ini linashindwa kuajiri hamali. Ghala linaweza kuwa na mzigo na mtaani kukawa na njaa. Ukipima damu yake utasema hana vitamini A. Wakati huo huo, kwa kuwa hakui, anautumia mzigo polepole. Sasa mpe protini ghafla. Hamali wanapatikana, mwili unaanza kukua kwa pupa, na kama ghala lilikuwa karibu tupu linakombwa mara moja. Mnyama anayeonekana kupata nafuu ndiye macho yake yanaharibika.

Hii haikubaki habari ya panya. Miaka hiyo maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta yalikuwa yakigawiwa duniani kote kama msaada kwa watoto wenye kwashakoo. Mafuta yakiondolewa, vitamini A inaondoka nayo. Katika baadhi ya nchi ilionekana macho ya watoto waliolishwa maziwa hayo yakizorota huku uvimbe ukipungua, na baadaye ikabidi maziwa ya msaada yatiwe vitamini A. McLaren aliendelea kuwa mwiba. Mwaka 1974 aliandika katika jarida la Lancet makala iliyoshutumu namna mashirika yalivyoimba protini peke yake kana kwamba ndiyo njaa nzima. Nikimsoma namwona mtu aliyekwishatazama macho ya watoto kwa karibu.

Pelagra nayo haikuzikwa na Goldberger. Mwaka 1990 ililipuka kati ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, zaidi ya wagonjwa 17,000. Mgao wao ulikuwa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiambatana nayo zilikuwa zimekatika. Karanga zina niasini na triptofani pia. Sababu ilikuwa inajulikana kwa nusu karne, mbwa na panya walikuwa wameshaitolea ushahidi, na bado lori la karanga halikufika.

Kuna wanaojaribu kulirekebisha jambo hili kwenye punje yenyewe. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walitangaza aina ya mahindi yenye lisini na triptofani nyingi zaidi, na kutoka kwenye ukoo huo, baada ya miongo ya uzalishaji wa mbegu, mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilipata mbegu zilizopewa jina la Lishe, kwa kazi ya kituo cha Selian, Arusha. Punje hizo zinafanana na nyingine. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Zamu yangu ilipofika nilisaga dona. Wakati kijana anafunga mfuko wangu, akaja jirani mwenye banda la kuku, akauliza bei ya pumba, wakapatana, akasaidiwa kulitia lile gunia kwenye baiskeli. Kiini chote cha sembe ya yule mama kilikuwa humo. Jioni nilituma mtoto kwa jirani huyo kununua mayai manne. Yai lina niasini kidogo mno, kama miligramu 0.1 kwa gramu 100, chini kabisa ya mahindi. Goldberger aliwapa mayai yatima wa Jackson, na ngozi zao zikapona.